UZI: .300 Win Mag au .375 H&H kwa mbuga za huku Kanda ya Ziwa? Na risasi za kujaza kwa mkono zina faida gani hasa?

MwaloniKirumba

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Najiandaa na mtihani wa uwindaji bingwa na kuna mambo mawili yananichanganya.

Kwanza, wateja wengi wa kitalii siku hizi wanakuja na magnum za kasi (bunduki za risasi zenye baruti nyingi): 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum, wengine .300 PRC. Wazee wa kazi wao wanashikilia .375 H&H kwa kila kitu. Kwa nyamera, kongoni, nyumbu na pofu, umbali wa mita 200 hadi 350, tofauti halisi ni ipi kwa namba?

Pili, baadhi ya wateja wanakuja na risasi walizojaza wenyewe nyumbani kwao. Nizikague vipi? Nataka kuelewa kazi yenyewe inavyofanyika ili nijue pa kutilia shaka.

Naombeni wajuzi. Porojo za vijiweni tuziache.

---

MzeeWaLamadi

Kijana, anza na sheria. Kwa wanyama hatari kama nyati, kanuni zinataka .375 kwenda juu. Hapo hakuna mjadala wa kasi. Kwa hiyo mwindaji bingwa atakuwa na .375 au zaidi mkononi hata kama mteja ana bunduki ya aina nyingine. Swali lako linabaki kwa swala na jamii ya nyumbu tu.

---

Fundi_Igoma

Nikuwekee namba, mkuu. Zote ni za usawa wa bahari, darubini ikiwa sm 4 juu ya mtutu.

.300 Win Mag (1963), kichwa (ile sehemu inayoruka) cha greni 180, yaani gramu 11.7, kinatoka kwa takriban mita 900 kwa sekunde. Nguvu mdomoni ni kama joule 4,700.

.375 H&H (1912), kichwa cha greni 300, gramu 19.4, kinatoka kwa mita 770 hivi. Nguvu ni kama joule 5,760.

Bunduki zote mbili zikisawazishwa mita 200 (yaani zigonge palepale unapolenga kwa umbali huo), ikifika mita 300 ile .300 imeshuka sm 21, na .375 imeshuka sm 34. Mita 400 ile .300 inashuka sm 60.

Sasa angalia kwa jicho la mwindaji. Chukua mnyama mwenye eneo la moyo na mapafu la sm 20, ukubali risasi ipite sm 10 juu au sm 10 chini ya unapolenga, bila kugusa darubini. .300 ukiisawazisha mita 240 haipandi zaidi ya sm 9 katikati ya njia, na inafika mita 290 ndipo inashuka sm 10. .375 ukiisawazisha mita 200 inapanda sm 8, na sm 10 za kushuka zinafika kwenye mita 235 hivi.

Tofauti ni mita 55. Hizo ndizo unazonunua kwa hiyo kasi yote. Ukimsogelea mnyama hatua 60 umezipata bure.

---

KapriPoint_255

Fundi, umeificha sehemu ya pili ya hesabu. Mtu hanunui magnum ya kasi kwa ajili ya kushuka tu. Kushuka kunajulikana, kipima umbali cha leza kinakupa mita na unazungusha darubini. Kasi inakusaidia kwenye UPEPO.

---

Fundi_Igoma

> KapriPoint_255 aliandika: Kasi inakusaidia kwenye UPEPO.

Kweli kabisa, nilikuwa naja huko. Upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde (kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo) kwa mita 300 unaisukuma .300 kiasi cha sm 17 na .375 kiasi cha sm 29.

Na huku Ghuba ya Speke upepo hauna adabu. Asubuhi kumetulia, jua likipanda nchi kavu inapata joto na hewa inavuta kutoka ziwani kwenda bara. Alasiri unavuma kwa nguvu, usiku unageuka. Anayewinda upande wa Kijereshi au karibu na Lamadi saa tisa alasiri hawezi kutegemea alichopima saa moja asubuhi. Ukiingia ndani zaidi upande wa Maswa, upepo wa ziwa unapungua, unabaki upepo wa mashariki wa kiangazi.

Ila ona jambo hili. Ukikosea kukadiria upepo kwa mita 2 tu kwa sekunde (na kila mtu anakosea kiasi hicho), .300 inakupoteza sm 8 kwa mita 300. Risasi zako zikitofautiana kasi kwa mita 10 kwa sekunde kati ya moja na nyingine, jambo linalowakosesha wajazaji usingizi, kwa umbali huohuo unapoteza sm 1.4. Basi. Ikifika mita 600 ndipo tofauti hiyo ya kasi inakuwa sm 7 na kuanza kuuma.

Ndiyo maana nasema chini ya mita 300 faida ya kujaza kwa mkono haiko kwenye kupunguza tofauti ya kasi. Iko kwenye kuchagua kichwa sahihi na kukipatanisha na mtutu wako.

---

NgoshaWaMagu

Nimekaa pale na kahawa yangu. Endeleeni.

---

NyaBunda

Kuna kitu cha tatu mnakiruka nyote, nacho kwangu ndicho cha kwanza: kasi inayobaki risasi ikifika.

Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa kifunguke kama ua ndani ya mnyama. Vichwa vya shaba tupu, mfano Barnes TSX, vinahitaji takriban mita 550 kwa sekunde au zaidi vifunguke vizuri. Chini ya hapo vinapita kama msumari: tundu dogo kuingia, tundu dogo kutoka, mnyama anakimbia kilomita.

.300 kwa mita 400 bado ina kasi ya mita 660 na ushee kwa sekunde. .375 yenye kichwa cha greni 300 kwa mita 300 imebaki na kama 565, iko mlangoni. Kwa hiyo anayesema .375 haifai mbali kwa sababu inashuka sana amelenga sababu isiyo yenyewe. Inashuka, ndiyo, lakini kushuka kunarekebishika. Kichwa kilichokataa kufunguka hukirekebishi.

Dawa kwa .375 ikiwa kazi ni wanyama wa mbugani: tumia kichwa chepesi cha greni 250 au 260 kinachotoka kwa kasi zaidi, au kichwa chenye madini laini ya risasi mbele na ukuta wa shaba katikati kama Nosler Partition. Hicho kinafunguka kwa kasi ndogo zaidi, nusu ya nyuma inabaki nzima kupenya.

Na kinyume chake: .300 kwa mita 60 kichakani na kichwa laini cha bei rahisi. Kasi ni kubwa mno, kichwa kinapasuka begani kwa pofu, kinaishia kwenye nyama ya juu. Pofu dume anaweza kupita kilo 700. Kwake weka kichwa kigumu, kilichoshikamana.

---

MwaloniKirumba

Wabeja sana dada NyaBunda, hiyo sikuwahi kuielewa. Vipi sasa .300 PRC? Mbona kila mteja mpya anaitaja?

---

KapriPoint_255

Hapo umenigusa. .300 Win Mag ina tatizo la kuzaliwa: shingo ya ganda ni fupi, mm 6.7, wakati kipenyo cha kichwa ni mm 7.82. Halafu urefu wa risasi nzima umewekewa kikomo cha mm 84.8 ili iingie kwenye magazini ya kawaida. Ukitaka kutumia vichwa virefu vya kisasa vya greni 210 hadi 230, vinavyokata hewa vizuri, inabidi uvizamishe ndani ya ganda hadi vinakula nafasi ya baruti.

.300 PRC ya Hornady (2018) imeruhusiwa urefu wa mm 94 na ganda lake halina mkanda (ile pete ya shaba mbele ya kitako). Kichwa kirefu kinakaa kwenye shingo, baruti inabaki na nafasi yake. 7mm PRC ya 2022 ni wazo hilohilo.

---

MzeeWaLamadi

Na dukani Mwanza ukiishiwa .300 PRC unafanyaje? Unampigia mteja simu arudi Marekani akuletee? Kabla ya kununua bunduki, ulizia risasi kwanza. Bunduki bila risasi ni fimbo ghali.

---

KapriPoint_255

Hapo Mzee sina jibu 😀

---

Fundi_Igoma

Sasa sehemu ya pili ya swali. Tahadhari mapema: kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa hapa Tanzania. Usije ukaagiza presi (mashine ya kujazia risasi) mtandaoni ukaanza kujaza sebuleni Nyakato. Ninachoeleza ni kazi inavyofanyika kwa wanaoruhusiwa nchini kwao, ili ujue pa kuangalia risasi ya mteja.

Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki (kiwashio) kwenye kitako, baruti, na kichwa. Ganda ndilo linalorudiwa. Na kwa magnum zenye mkanda, ganda ndiko kwenye ugonjwa mkuu.

Ule mkanda mbele ya kitako uliwekwa kwenye .375 kwa sababu bega lake (mteremko wa ganda kuelekea shingoni) limelala sana, nyuzi 15 tu, haliwezi kuizuia risasi mahali pake kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) kwa uhakika. Mkanda ndio unaoizuia. .300 Win Mag ilirithi mkanda huo ingawa bega lake la nyuzi 25 lingetosha kabisa. Sasa, kwa kuwa mkanda ndio unaoshika, viwanda vingi vinachonga chemba yenye nafasi ya ziada pale begani. Risasi mpya ikifyatuliwa, bega linasukumwa mbele kujaza hiyo nafasi na shaba inavutika, inakuwa nyembamba milimita chache mbele ya mkanda.

Mjazaji asiyejua anafuata karatasi ya dai (kalibu ya chuma inayorudisha ganda umbo lake): anaishusha hadi igusane na kishikio cha ganda. Bega linarudishwa nyuma lote. Akifyatua tena linavutika tena. Mara ya tatu au ya nne ganda linakatika pale mbele ya mkanda: kitako kinatoka na bolti (komeo la bunduki), mwili unabaki kwenye chemba, gesi ya moto inaweza kurudi usoni. Na nyati akiwa mbele yako, bunduki imeziba.

Mjazaji anayejua anapima bega la ganda lililofyatuliwa kwa venia kalipa yenye kipachiko cha begani, kisha anaiweka dai irudishe bega mm 0.05 tu. Kwa bunduki ya wanyama hatari arudishe kama mm 0.1 ili bolti ifunge bila kubishana. Akifanya hivyo, mkanda unabaki pambo, bega ndilo linaloshika, na ganda linadumu mara nyingi zaidi.

---

NyaBunda

Naongezea njia ya kukagua. Ganda tupu: chukua waya mwembamba mgumu (klipu ya karatasi inafaa), nyoosha, pinda ncha yake nyuzi 90, inoe kidogo. Ingiza ndani ya ganda hadi chini, halafu uvute juu ukikwaruza ukuta. Ukihisi kijimfereji juu kidogo ya mkanda, ganda hilo ni la kutupa. Nje unaweza kuona mstari unaong'aa kuzunguka ganda palepale.

Risasi iliyokwisha kujazwa huwezi kuiingiza waya. Angalia mstari wa nje, ufa shingoni, na dalili za fataki kutokaa sawa. Fataki inatakiwa iwe chini kidogo ya uso wa kitako. Pitisha kidole: ukihisi imejitokeza, ikatae.

---

NgoshaWaMagu

Baruti je? Kuna jamaa hudai baruti yoyote "inafanana tu".

---

Fundi_Igoma

Huyo mkae mbali naye.

Magnum zinatumia baruti inayoungua polepole, kwa sababu ganda ni kubwa na tundu la mtutu ni dogo. Kwa .300 utasikia H1000, H4831, Reloder 22. .375 ina tundu pana zaidi kwa ganda lake, hivyo inakubali baruti ya kasi ya wastani kama Varget, Reloder 15 au 4350. Namba zinazofanana si kitu kimoja: H4831 na IMR 4831 zina viwango tofauti. Kubadilishana kipimo cha moja kwa nyingine ndiyo njia ya kulipua bunduki.

Kipimo cha baruti sikiandiki hapa kwa makusudi. Kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa kichwa hichohicho na fataki hiyohiyo. Unaanza asilimia 10 chini ya kikomo, unapanda nusu greni kwa nusu greni, unapima kasi kwa kronografu. Kasi ikifika ile ya kitabu, simama hapo, hata kama fataki bado inaonekana nzuri. Kasi ya ziada imelipiwa kwa mgandamizo wa gesi ndani ya bunduki, hakuna ya bure. Ukibadilisha chochote, hata aina ya ganda tu, unarudi chini kuanza upya.

Na usiende chini ya kiwango cha kuanzia. Baruti ya polepole ikiwa chache kwenye ganda kubwa inaweza kuwaka kwa kusuasua, kisha mgandamizo ukaruka ghafla.

Mizani iwe ya kusoma greni 0.1. Feni ikizunguka juu ya meza, namba zinacheza. Umeme ukiyumba, mizani ya kidijiti nayo inayumba. Wenye akili wanazima feni na kuhakiki kwa jiwe la kupimia kila baada ya risasi kumi.

---

MzeeWaLamadi

Dalili za mgandamizo kuzidi, kijana, hizi uzijue kwa kichwa: bolti inakuwa ngumu kuinua, kitako cha ganda kina alama ya duara inayong'aa palipo pini ya kutupia ganda, fataki imebapa hadi kingo zake zimejaa, au imetoboka, mfuko wa fataki umelegea, fataki mpya inaingia bila kubisha. Ukiona bolti ngumu hata mara moja kwenye uwanja wa kusawazisha, risasi za mteja huyo zisiende porini. Zungumza naye kwa heshima, lakini zisiende.

---

MwaloniKirumba

Shikamoo Mzee, nashukuru. Mbona mteja mwingine anasema nyumbani kwake risasi zilikuwa sawa, huku bolti inakaza?

---

KapriPoint_255

Joto. Amezipima Ulaya au Marekani wakati wa baridi, nyuzi 5, akazijaza hadi kikomo. Huku sanduku limekaa kwenye dashibodi ya Land Cruiser saa sita mchana. Baruti ikipata moto inaungua haraka zaidi, na mgandamizo unapanda. Baruti kama H1000 na Varget zimetengenezwa zisiathirike sana na joto. Zenye nitrogliserini, kama hizo za Reloder za zamani, huathirika zaidi. Risasi zikae kivulini, kwenye mfuko wa nguo au boksi la baridi lisilo na barafu, na hiyo ni kwa risasi za kiwandani pia.

---

NyaBunda

Sababu nyingine ya bolti kukaza, isiyo ya mgandamizo kabisa: ganda lilirefuka na halikukatwa. .300 Win Mag kikomo cha urefu wa ganda ni mm 66.5, wengi hulikata hadi 66.3. Likizidi, mdomo wa ganda unabanwa mwisho wa chemba, unakishikilia kichwa kisitoke, na hapo mgandamizo unapaa kweli. Au mafuta ya kulainishia wakati wa kupitisha kwenye dai hayakufutwa: yanakusanya vumbi lote la kiangazi, na ganda lenye mafuta halishikilii ukuta wa chemba, linasukuma bolti kwa nguvu zaidi.

Na kwa .375: uliza kama amebana mdomo wa ganda juu ya kichwa. Teke la bunduki ya kilo 4 ni joule 50 na ushee, wakati .300 ni 30 na ushee. Risasi zilizobaki kwenye magazini zinapigwa pua kila ukifyatua. Kisipobanwa, kichwa kinazama ndani. Pima urefu wa risasi ya mwisho kwenye magazini kabla ya kufyatua na baada ya kufyatua tatu. Ikipungua, zikatae.

---

NgoshaWaMagu

Kichwa kikae umbali gani kutoka kwenye michirizi ya mtutu?

---

Fundi_Igoma

Vyenye madini laini ya risasi ndani, wengi huanzia mm 0.5 kabla ya kugusa michirizi. Vya shaba tupu hupenda kuruka zaidi, mm 1.3 hivi. Wachezaji wa shabaha hukigusisha kabisa, lakini kwa uwindaji ni hatari ya kijinga: ukitaka kutoa risasi bila kufyatua, kichwa kinabaki mtutuni na baruti inamwagika kwenye magazini. Usikubali risasi ya namna hiyo porini. Utaijua kwa alama za michirizi kwenye kichwa ukiitoa chembani.

---

MwaloniKirumba

Swali la mwisho. Jedwali la kiwanda ni la usawa wa bahari. Sisi tuko juu. Inabadilika kiasi gani? Na mteja anaruhusiwa kubeba risasi ngapi kwenye ndege?

---

Fundi_Igoma

Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya bahari, mbuga zinapanda zaidi. Hewa ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo risasi inashuka kidogo kuliko jedwali linavyosema. Kwa mita 300 ni sentimita moja au mbili, huwezi kuiona. Kwa mita 500 lazima uingize kwenye programu. Lakini sawazisha upya ukifika, kwa sababu safari ya ndege na barabara ya vumbi hutikisa skrubu za darubini kuliko hewa inavyobadilisha risasi. Piga tatu kwa mita 100, kaza, piga tatu tena.

Mashirika ya ndege kwa kawaida yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria. Risasi ya .375 ina kama gramu 40, kwa hiyo ni kama 120 ukiondoa boksi. .300 ni kama gramu 33, zinafika 150. Kila shirika lina masharti yake, na idadi kwenye kibali lazima ilingane na iliyo kwenye boksi.

---

MzeeWaLamadi

Na uwanja wa kusawazishia usielekee ziwani, hata kama unaona maji matupu. Risasi ikipiga maji kwa pembe ndogo inaruka na kuendelea, na .300 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Huko mbele kuna mitumbwi ya dagaa usiyoiona. Tafuta kilima au tuta la udongo lisilo na mawe, na mtu wa kuangalia wachungaji nyuma yake.